Wanasinzia baada ya magharibi: kupanga darasa refu la programu

"Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha TEHAMA hapa Mtwara mjini na nimeanzisha darasa la jioni la kuandika programu kwa lugha ya Python. Tunakutana Jumanne na Alhamisi, saa 11:00 jioni hadi saa 2:00 usiku, kwa wiki nane. Kuna karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mafundi simu wawili, mhasibu wa makamo, walimu kadhaa na vijana waliomaliza kidato cha sita. Kompyuta ziko kumi, za mezani na mpakato. Kila somo naandaa slaidi kama 60, mazoezi yanakuja mwishoni. Mpaka magharibi tunakwenda vizuri. Tukirudi, nusu wanasinzia, wanne wamemaliza zoezi wanachezea simu, na waliobaki wananiita wote kwa mpigo. Tuko wiki ya tatu. Walianza 20, sasa ni 18. Niongeze maudhui ili wasichoke? Nipunguze muda? Au nigawanye darasa?"

Mwalimu, umeuliza mambo matatu, lakini jibu limejificha kwenye jambo la nne ulilolitaja kwa kupita: slaidi 60. Dakika 180 ukizigawa kwa 60, kila slaidi inapata dakika tatu, na hapo hakuna hata dakika moja ya mtu kugusa kibodi. Mazoezi umeyaweka mwishoni, yaani saa ambayo watu wako wameshatoka kazini, wameshasikiliza, wameshaswali na wana njaa. Kazi ngumu kuliko zote umeipa muda dhaifu kuliko wote.

Usingizi wao wengi huueleza kwa uchovu wa kazi. Uchovu upo, siukatai. Lakini watu haohao wakitoka kazini hukaa kwenye bao mpaka saa nne usiku, macho makavu, wakibishana kila kete. Pale wanacheza, kwako wanasikiliza. Kwa hiyo kuongeza maudhui kutaongeza kusikiliza, na usingizi utaongezeka nao. Kupunguza muda peke yake kutakupa darasa fupi lenye tatizo lilelile.

Ili uone kinachotokea kichwani mwao, chukua mstari mmoja tu:

kilo = float(input("Kilo ngapi? "))

Wewe unausoma kama neno moja. Mgeni anaona jina upande wa kushoto ambalo halikuwepo kabla. Anaona alama ya = ambayo shuleni aliambiwa ni "sawa na", hapa inamaanisha "weka". Anaona agizo la kuuliza. Maneno ndani ya alama za kunukuu ambayo kompyuta haiyaelewi, inayaonyesha tu. Agizo jingine la kugeuza maandishi kuwa namba. Halafu mabano ndani ya mabano, yanayotekelezwa kuanzia ndani kwenda nje wakati jicho lake linasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Hivyo ni vitu sita. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alikadiria kuwa akili hushika kama vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akayashusha makadirio hayo hadi karibu vinne. Kinachozidi hapo kinamwagika. Na mtu ambaye kichwa kimeshamwagika anakutazama kwa heshima, anatikisa kichwa, macho yanaanza kuwa mazito. Ukimwangalia kutoka mbele ya darasa utadhani ni usingizi wa kawaida.

Vile vitu sita hugeuka kuwa fungu moja kwa njia moja tu: mtu auandike mstari huo, uharibike, autengeneze, aubadilishe, aurudie kesho kutwa. Baada ya mara nane au kumi anaushika kwa kidole kimoja kama wewe. Kwa hiyo jioni moja ibebe mambo mapya mawili, basi. Nayo yaje yamezungukwa na kazi ya mikono.

Najua utasema silabasi haitaisha. Haitaisha kweli, na ni vizuri ulikubali hilo mapema. Mna jioni 16 kwa jumla, nne au tano zimeshapita. Chukulia zimebaki 11. Tatu kati ya hizo ziwe za kuimarisha tu, bila jambo jipya. Nane zilizobaki mara mbili ni mambo 16. Yanatosha kwa haya: kugeuza anachoandika mtumiaji kuwa namba, if na else, elif, kuunganisha masharti kwa and na or, while (kurudia kazi mradi sharti bado ni kweli), for, orodha, kuongeza na kuondoa kwenye orodha, kuunda fanksheni, kuipa thamani, kurudisha jibu kwa return, kusoma faili, kuandika faili, kukata mstari kwa split, dikshonari, na try na except. Klasi, tovuti na hifadhidata ziache kwa darasa jingine. Karani wa AMCOS anayeweza kusoma faili la mizani, kujumlisha kilo za kila mkulima na kuandika faili jipya ana kitu mkononi. Aliyeonyeshwa kila kitu kwenye slaidi hana.

Sasa jioni yenyewe. Anza kuipanga kutoka mwisho: andika kwanza programu unayotaka waweze kuiandika wenyewe ifikapo saa 2:00 usiku. Iandike kwa mkono wako huku saa inahesabu. Muda uliokuchukua zidisha mara tatu hadi nne. Ikikuchukua dakika 7, watahitaji 25 hivi. Ikikuchukua 15, hiyo si kazi ya jioni moja; ikate. Hatua hii ndogo ingekuokoa na mengi, kwa sababu mazoezi mengi ya madarasa ya jioni hushindikana kwa kuwa mwalimu hakuwahi kuyafanya mwenyewe kabla.

Msimu huu wa korosho magharibi ya Mtwara inaingia karibu saa 12:15. Februari inasogea mpaka saa 12:40 na zaidi, Juni inarudi karibu na saa 12:05. Hiyo ndiyo nguzo ya jioni yako, usishindane nayo. Weka mapumziko ya nusu saa hapo, kwa wanaoswali na wasioswali, na pawe na kitu cha kutia tumboni: chai, mihogo, vitumbua, karanga. Changisheni. Mtu aliyekula mchana saa saba hawezi kufikiria masharti ya if saa moja usiku.

Dakika 15 za kwanza, saa 11:00 hadi 11:15, ni za karatasi. Wengine wanatoka kazini na watachelewa. Ukianza jambo jipya saa 11:00 kamili unawaadhibu. Andika ubaoni swali moja la vitu vya jioni iliyopita, wajibu bila kufungua daftari. Kwa mfano:

x = 5
y = x
x = 8
print(y)

Waonyeshe jibu kwa vidole mbele ya kifua: kimoja kama ni 5, viwili kama ni 8, vitatu kama ni herufi x, vinne kama ni kosa. Wanaoinua viwili wanadhani y imefungwa kamba na x, kama kwenye hesabu za shule. Hilo si kosa la uzembe, ni picha potofu iliyokaa kichwani, na ukiiacha itakusumbua mpaka kwenye orodha na fanksheni. Mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, ndiye aliyeeneza utaratibu huu miaka ya 1990: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wape dakika mbili wabishane na jirani, kisha waonyeshe vidole tena. Kwa watu 18 maana yake ni kati ya sita na kumi na wawili. Wakiwa chini ya sita, eleza upya kwa njia nyingine. Wakiwa zaidi ya kumi na wawili, songa mbele, wachache waliobaki utawapitia mezani.

Saa 11:15 unaleta jambo la kwanza, lile zito zaidi. Usilieleze. Waonyeshe programu fupi na uwaulize itatoa nini kabla hujaiendesha:

kilo = input("Kilo ngapi? ")
bei = 3000
print(kilo * bei)

Bei hiyo ni ya mfano tu. Ya mnada waachie wenyewe wabishane wakati wa chai. Waambie tutajibu 50. Karibu wote wataandika 150000. Endesha. Skrini itajaa 50505050 mpaka chini, herufi 6,000 kamili. Watacheka, na hapo ndipo umewapata. Kompyuta haijakosea: input huleta maandishi siku zote, na Python ikiambiwa kuzidisha maandishi kwa namba kamili huyarudia mara hizo. Haikutoa hata ujumbe wa kosa. Sasa neno float linaingia kama dawa ya ugonjwa walioushuhudia, badala ya kuwa neno la kwenye slaidi ya 23. Jibu likitoka 150000.0, kuna mtu atauliza ile nukta sifuri ni ya nini. Jibu kwa sentensi moja kwamba float huhifadhi namba zenye desimali kwa sababu mizani haisomi kilo kamili kila mara, kisha endelea.

Baada ya hapo mikono kwenye kibodi, nusu saa. Kazi ya kubadilisha, si ya kuanza upya: fanya bei nayo iulizwe kwa mtumiaji. Wengi watasahau kuigeuza, na watapata ujumbe huu: TypeError: can't multiply sequence by non-int of type 'float'. Usikimbilie kuwatafsiria wote. Wafundishe kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe kwanza, halafu namba ya mstari wa programu iliyotajwa juu yake. Ukitaka jina la mfuatano huu, mtafiti Sue Sentance na wenzake Uingereza waliupa hatua tano: tabiri, endesha, chunguza, badilisha, tengeneza. Uzuri wake ni kwamba kutengeneza kunakuja mwisho, mtu akiwa ameshaugusa msimbo wa mwenzake mara nne. (Nasema msimbo, yaani maandishi ya programu. Wengi wanasema kodi, lakini mhasibu wako akisikia kodi anafikiria TRA.)

Saa 12:10 mapumziko. Saa 12:40 mnarudi, na hapa usitoe maelezo hata kwa dakika tano. Wakiingia tu wakute kwenye kila meza bahasha yenye mistari ya programu iliyochapwa na kukatwakatwa kwa mkasi, kila mstari kipande chake. Wapange iwe programu sahihi. Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand waliandika kuhusu mafumbo ya namna hii mwaka 2006, na yanafaa mno kwa watu waliochoka: kichwa kinashughulika na mpangilio peke yake, hakihangaiki na tahajia wala kutafuta nukta pacha (:) kwenye kibodi. Mistari minane inatosha, pamoja na miwili ya uongo isiyohitajika. Jambo la pili la jioni liwe humo humo ndani:

if kilo > 500:
    print("Ita lori")
else:
    print("Guta linatosha")

Wakishapanga, waiandike, waiendeshe kwa 499, 500 na 501. Ile 500 itazua ubishi mzuri: mkulima mwenye kilo 500 kamili anaita nini? Makosa yatakayojitokeza unaweza kuyajua kuanzia leo. Watasahau nukta pacha baada ya else zaidi kuliko baada ya if. Watasogeza else ndani, iwe chini ya print. Watatumia = badala ya ==. Na yule aliyenakili kutoka Word atakuwa na alama za kunukuu zilizopinda, Python itamkatalia kwa SyntaxError akiapa kwamba ameandika sawasawa na wewe. Gawa faili la .py lenyewe kwa flashi, usigawe maandishi ya Word.

Saa 1:25 hadi 1:50 ndiyo kazi ile uliyoipima kwa saa. Mantiki iwe moja, nguo tofauti: karani ahesabu malipo ya mkulima baada ya makato ya mfano, fundi simu ahesabu bei ya kioo na ufundi na kutoa punguzo ikizidi kiasi fulani, mwalimu atoe daraja kwa alama. Dakika 10 za mwisho kila mtu anaandika kwenye kipande cha karatasi kitu kimoja anachoweza sasa na mahali pamoja alipopotelea. Vipande 18 unavisoma kwa dakika kumi, na swali lako la karatasi la jioni inayofuata limeshapatikana.

Saa 2:00 funga. Siyo 2:15. Wapo wanaorudi Mikindani au Naliendele, wapo wanawake ambao nyumbani wameaga kwamba saa mbili na nusu watakuwa wamefika. Bodaboda wa usiku ana bei yake. Darasa linalozidisha dakika 20 kila siku hupoteza watu kimyakimya, na hakuna atakayekuambia sababu.

Kuhusu kuitwa na wote kwa pamoja. Kompyuta kumi na watu 18 ni bahati ambayo hujaitumia: jozi tisa, na moja ya kwako. Katika jozi mmoja ni dereva, anashika kibodi. Mwingine ni konda, anasoma, anauliza, anaona hatari mbele, lakini usukani hagusi. Badilisha kila dakika 10 kwa kengele ya simu, bila huruma, hata mstari ukiwa katikati. Usipobadilisha, mwepesi atakuwa dereva jioni nzima na mwenzake atakuwa abiria. Usimpange aliye mbele kabisa na aliye nyuma kabisa ukidhani atamvuta. Kwa kawaida humfanyia kazi. Panga wanaokaribiana.

Piga hesabu pia ya miguu yako. Jozi tisa kwa dakika tatu kila moja ni dakika 27 za mzunguko mmoja. Jozi ya tisa imekaa karibu nusu saa imekwama. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza uwe wa dakika moja kwa jozi, unatazama tu na kuuliza swali moja. Weka kadi mbili za manila juu ya kila skrini, nyekundu ya kukwama na kijani ya kumaliza, ili uone chumba kizima kwa mtazamo mmoja. Sheria iwe kuuliza jozi ya jirani kabla ya kuinua nyekundu. Na wewe mwenyewe, mikono nyuma. Ukimshikia mtu kibodi ukamrekebishia, umemaliza tatizo lako, la kwake limebaki.

Wale wanne wanaomaliza mapema usiwape mada ya wiki ijayo. Ndivyo wengi tunavyoshawishika kufanya, na matokeo yake ni kwamba kila jioni pengo linapanuka mpaka una madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Wapeleke chini badala ya mbele. Mtumiaji akiandika "hamsini" itakuwaje? Akiandika 1,200 kwa mkato, kama watu wanavyoandika? Float itakataa kwa ValueError, na kuuondoa ule mkato kwa replace ni kazi ya kutosha dakika 15. Akiandika kilo hasi? Waambie pia waharibu programu kwa makusudi kwa njia tatu wasizowahi kuziona, wanakili ujumbe wa kosa na kuandika kwa Kiswahili maana yake. Baada ya wiki nne mtakuwa na orodha ya makosa ya darasa lenu, ukutani, kwa lugha yenu.

Na lugha ina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wapo wanaoshikilia kwamba programu zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia jina la kwanza. Kwa mwanzilishi ni kinyume: majina unayoyabuni yakiwa ya Kiswahili, kilo, bei, jumla, mteja, basi kila neno la Kiingereza kwenye skrini ni la Python na kila neno la Kiswahili ni letu. Mgeni anajua mara moja kipi anaweza kukibadilisha na kipi hakiguswi. Ukiandika price, print na input pamoja, hana njia ya kutofautisha. Kiingereza cha majina kitakuja chenyewe atakapoanza kusoma msimbo wa watu wengine.

Kwa vifaa, tumia Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python, kama bado hujaanza. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, ikishasakinishwa haihitaji intaneti, na ina dirisha linaloonyesha kila jina lina thamani gani wakati huo. Ukibonyeza F5 huhifadhi faili kwanza ndipo iendeshe, jambo ambalo utalishukuru umeme ukikatika. Kataza majina ya faili kama random.py, siku watakapotumia import random Python italichukua faili lao badala ya lile la kweli, na utapoteza nusu saa kutafuta mchawi. Kwenye projekta weka fonti 24 au zaidi na andika nusu ya juu ya skrini, ya chini wa nyuma hawaioni. Slaidi bakiza tano, za michoro. Mengine andika mbele yao, na ukikosea usifute haraka.

Umeme ukikatika, bahasha zile za vipande ndizo mpango wako, pamoja na karatasi ya kufuatilia: jedwali lenye safu kwa kila jina, wanaandika thamani inavyobadilika mstari kwa mstari kwa kalamu. Seti mbili ziwe kabatini daima. Mpakato zenye betri ziwekwe katikati, jozi mbili mbili. Darasa la namna hiyo si la kuahirisha. Mara nyingi ndipo while inapoeleweka.

Nirudi kwenye chaguo zako. Kukutana mara tatu kwa wiki kwa saa mbili mbili kungekuwa bora kwa kumbukumbu. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake mwaka 1885 inafahamika kwamba kinachorudiwa kwa nafasi hudumu kuliko kinachosukumwa kwa mkupuo. Lakini ni nauli tatu badala ya mbili, na karani wako wakati huu wa minada hatazipata jioni tatu. Kugawa darasa kunafaa kama kweli wapo waliowahi kuandika programu na wasiowahi kushika kipanya. Kwako sioni hivyo, naona watu 18 wa kiwango kinachokaribiana wenye kasi tofauti. Halafu ungefundisha jioni nne kwa wiki, na mwalimu aliyechoka ana slaidi nyingi. Bakia na jioni mbili na urefu uleule, kata maudhui. Ramadhani ikiwakuta ndiyo uhamishe: Jumamosi asubuhi, au saa 9:30 hadi 11:30 jioni ili watu wawahi futari.

Kwa atakayekosa jioni, na msimu huu watakuwepo, andaa ukurasa mmoja: programu ya jioni hiyo, kosa moja la kawaida, zoezi moja. Programu hujengwa tofali juu ya tofali, aliyekosa if hawezi kuelewa while, na aibu ya kutoelewa ndiyo humzuia kurudi mara ya pili.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatatua. Umesema mhasibu ni wa makamo. Kama anakosea nukta pacha na nukta mkato kila mara, anasogeza kichwa nyuma au anakunja macho, jaribu kwanza fonti 20. Tatizo likibaki, mshauri aende kliniki ya macho, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au iliyo karibu naye. Baada ya miaka 40 macho ya karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na miwani ya kusomea imewahi kugeuza "mzito wa kuelewa" kuwa mwanafunzi mzuri. Jingine ni umeme. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula kama wati 100 hadi 150, kumi ni hadi wati 1,500. Soketi moja ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, lakini ekstensheni za bei rahisi zilizounganishwa moja kwenye nyingine, waya umekunjwa, haziwezi kuaminika. Gusa plagi baada ya saa moja. Ikiwa ya moto, zima na mwite fundi umeme mwenye leseni kabla ya darasa linalofuata.

Na kama baada ya jioni nne za mpango huu bado wanasinzia, mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma jioni nzima. Kazi yake moja: kila dakika tano ahesabu wangapi wanaandika, wangapi wanazungumzia kazi, wangapi wanakusikiliza, wangapi wako kwenye simu. Mistari 36 ya namba itakuonyesha mahali panapovuja kuliko ushauri wowote wa mbali, wa kwangu ukiwemo.

Wale wawili walioacha, wapigie simu mmoja mmoja kabla ya Jumanne. Usiandike kwenye kundi la WhatsApp, hapo hakuna atakayesema ukweli. Uliza walipotelea wapi, kisha waambie kurasa zao za jioni walizokosa ziko tayari, na kwamba jioni ijayo inaanza na swali la karatasi ambalo hata aliyekosa ataliweza.